Seva saba za kuwekea Windows, bosi anataka moja: nizihamishe vipi?

*"Salaam aleikum mtaalamu. Mimi ndiye mtu wa IT wa pekee katika chama cha ushirika chenye ofisi saba: makao makuu hapa Mombasa mjini, kisha Likoni, Changamwe, Mtwapa, Ukunda, Kilifi na Voi. Kompyuta zote ni kama 260. Kila ofisi ina seva yake ndogo ya kuwekea Windows, zote Server 2012 R2 (Windows ya seva) zenye WDS, huduma ya Microsoft ya kubutisha kompyuta kwa mtandao, na MDT, vifaa vyao vya bure vya kupanga usakinishaji wa Windows, zilizopangwa na aliyenitangulia. Bosi ameagiza zote ziondolewe, ibaki seva moja mpya makao makuu. Nilijaribu na Ukunda, nikaielekeza kwa seva mpya. Kompyuta ilikaa karibu saa moja na nusu ikipakia faili la kubutia, yaani la kuiwashia, kisha ikakata. Laini ya Ukunda ni megabiti 20, ya makao makuu 50, na ping kati yao, muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ni milisekunde 20. Rafiki yangu asema tatizo ni kasi, niombe laini kubwa. Mwingine asema WDS imekufa, nisijisumbue nayo. Nimwambie bosi haiwezekani?"*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hiyo saa moja na nusu ya Ukunda si ajabu, wala seva yako mpya haina kasoro. Nimepiga hesabu kwa nambari ulizonipa na jibu limeangukia pale pale ulipokatiwa. Kwa hivyo usimwambie bosi haiwezekani. Lakini usimwambie inawezekana vile alivyoagiza, kwa sababu ameomba mambo mawili kwa neno moja, na ni moja tu kati ya hayo linalokufaa.

Jambo la kwanza ni mahali pa maamuzi: toleo gani la Windows linawekwa, draiva (programu za kuendesha vifaa) zipi, programu zipi, kompyuta ipewe jina gani. Hayo sasa hivi yako mahali saba, na naamini hakuna ofisi mbili zinazofanana. Jambo la pili ni mahali pa mafaili yenyewe, gigabaiti kwa gigabaiti. La kwanza liunganishe leo. La pili ukiliunganisha utajuta. Wauza mahamri wanalijua hili: unga unaweza kukandwa nyumba moja Majengo kwa kipimo kimoja, lakini karai la mafuta linawekwa karibu na mteja. Ukichoma yote Majengo na kuyapeleka Voi, utakula mawe.

Tuanze na Ukunda. Kompyuta tupu inayobuti kwa mtandao, kwa PXE au piksi kama mafundi tunavyoiita, haina mfumo endeshi, haina draiva, haijui jina la seva yoyote. Ina programu ndogo tu inayoihudumia kadi yake ya mtandao. Inapiga kelele: nani atanipa anwani? DHCP, huduma ya kugawa anwani za mtandao, inaijibu. Inauliza tena: nani ana faili la kunibutisha? WDS inajibu, na faili linaanza kuletwa kwa itifaki inayoitwa TFTP. Hii ni ya kale. Kanuni zake zinazofuatwa hadi leo ziliandikwa mwaka 1992, na iliumbwa iwe nyepesi sana. Wepesi huo una gharama yake. Seva hutuma kipande kimoja, kisha hunyamaza mpaka kompyuta iseme nimepata, ndipo itume cha pili. Ni kama karani wa ghala bandarini anayetoa gunia moja, anangoja risiti irudi na sahihi, ndipo aguse gunia la pili.

Sasa hesabu. Tuseme faili lako la kubutia, boot.wim, ni megabaiti 400. Kipande kimoja cha TFTP kwa kawaida ni baiti 1,456. Hivyo ni vipande kama 288,000. Kila kimoja kinangoja milisekunde 20 za kwenda na kurudi: sekunde 5,760, yaani dakika 96. Kazi hiyo hiyo ndani ya ofisi, ambako safari haizidi milisekunde moja, haifiki dakika tano. Na wakati wote huo laini yako ya megabiti 20 ilikuwa karibu tupu, kwa maana kwa mwendo huo hata megabiti moja haijazwi. Ungenunua laini ya megabiti 200, karani angengoja risiti vile vile.

Kuna dawa ya nusu. WDS ina uwezo wa kutuma vipande kadhaa kwa mpigo kabla ya kungoja jibu, na kwa kawaida uwezo huo huwa umewashwa. Mafundi wengi huuzima kwa sababu baadhi ya kompyuta hukwama nao, kisha wanasahau. Fungua mipangilio ya seva yako, nenda kwenye kichupo cha TFTP; nabashiri utakikuta kisanduku chake kitupu. Vipande vinane kwa mpigo vingeshusha zile dakika 96 hadi 12. Lakini kipande kimoja kikipotea njiani, fungu zima linaweza kutumwa upya, na laini za matawi hupoteza vipande mvua ikinyesha kidogo tu. Hiyo ndiyo maana nasema ni dawa ya nusu.

Rafiki yako wa laini kubwa hakukosea kote. Baada ya boot.wim kufika na kuamka, TFTP inaondoka jukwaani. Imeji yenyewe ya Windows, yaani nakala nzima iliyoandaliwa tayari kuwekwa, huvutwa kutoka folda ya MDT kama faili la kawaida la mtandaoni, na hapo kasi ya laini ndiyo kila kitu. Imeji ya gigabaiti 5 kwenye megabiti 20 ni dakika 33 kwa kompyuta moja, ikiwa hakuna mtu mwingine anayegusa laini. Kompyuta 12 za Ukunda ni karibu saa saba. Na matawi matatu yakianza pamoja, yanataka megabiti 60 kutoka makao makuu yenye 50, huku makarani wa kaunta wakingoja salio la mwanachama lifunguke. Simu ya kwanza utakayopigiwa haitatoka kwa mtu wa Windows.

Niseme kidogo kuhusu nyaya za baharini, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi hapa Pwani. TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na watu hudhani basi mtandao wa hapa lazima uwe wa moto. Nyaya hizo hutuunganisha na dunia. Hazikuunganishi wewe na Likoni. Kati ya ofisi zako mbili kuna mtoa huduma na njia zake, na huenda pakiti inayotoka Likoni kuja mjini, safari ya kivuko cha dakika chache, inakwea hadi Nairobi kisha inateremka. Piga tracert, amri ya Windows inayoonyesha njia ya pakiti, kutoka kila tawi uone mwenyewe. Wakati mwingine kumwomba mtoa huduma ayaunganishe matawi yako hapa hapa Mombasa kunapunguza milisekunde kuliko laini kubwa, na kwa pesa kidogo.

Na je, WDS imekufa? Haijafa, imekatwa mkono mmoja. Microsoft wameifunga ile njia ya kuchukua boot.wim moja kwa moja kutoka kwenye diski ya Windows 11 na kuisakinisha kwa WDS. Ila WDS kama mlango wa piksi unaobutisha boot.wim uliyoitengeneza mwenyewe, kama ile ya MDT, ungali unafanya kazi. Mgonjwa hasa ni MDT. Toleo lake la mwisho, 8456, lilitoka 2019, halikuwahi kuidhinishwa kwa Windows 11, na skripti zake ni za VBScript, lugha ambayo Microsoft wanaiondoa kwenye Windows. Server 2012 R2 ndiyo iliyokwisha msaada wake wa kawaida, tangu tarehe 10 Oktoba 2023, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hivyo bosi wako ana haki ya kutaka zile seva saba ziondoke. MDT itumie kama daraja la kuvukia, usijenge nyumba juu yake.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Seva mpya ya makao makuu ndiyo inayoshika folda kuu ya MDT, na hapo peke yake ndipo mtu anaruhusiwa kubadilisha kitu. Kila tawi lenye kompyuta nyingi linabaki na kiboksi kidogo, hata kompyuta ya mezani ya zamani yenye diski nzuri na Linux ya kushiriki mafaili, kinachobeba nakala tu. Hakina maamuzi. Kikiungua kwa stima ya kwenda na kurudi, unaleta kingine, unanakili upya, basi. Nakala hufanywa saa nane za usiku, wakati laini imelala. Ukitumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili, na chaguo la kuakisi, kumbuka inaakisi na ufutaji: folda kuu ikifutwa kwa bahati mbaya saa moja jioni, kufika alfajiri matawi yote ni meupe. Weka bakapu nje ya mzunguko huo.

Nakala ya kwanza usiipitishe kwenye laini. Folda ya MDT yenye draiva za miaka hufika gigabaiti 60 bila jasho, na hizo kwa megabiti 20 ni karibu saa saba nyingine. Tia diski kwenye mkoba, panda feri. Utakuwa umeshashuka matatu Ukunda na kunywa chai kabla nusu yake haijafika kwa waya. Mafundi wanacheka nikisema hivi, lakini mabadiliko madogo ya kila usiku baada ya hapo hupita bila mtu kuhisi.

Sasa uchawi wenyewe, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Kompyuta ya Ukunda itajuaje kwamba imeji iko kwenye kiboksi cha Ukunda na si makao makuu? Ndani ya boot.wim mna faili dogo liitwalo Bootstrap.ini, na ndani yake mstari wa DeployRoot unaotaja seva. Aliyekutangulia aliandika jina la seva tofauti katika kila tawi, ndiyo maana una boot.wim saba. Wewe andika moja. Kwenye mstari wa Priority tanguliza DefaultGateway, kisha orodhesha anwani ya ruta ya kila tawi na jina la tawi lake, na chini ya kila jina weka DeployRoot yake. Kompyuta ikiamka inatazama ruta iliyopewa, inajua iko wapi, inavuta kutoka jirani. Boot.wim moja, matawi saba.

Tahadhari mbili juu ya faili hilo. Ukilibadilisha kwenye folda tu hujafanya kitu, kwa sababu nakala inayosomwa imeokwa ndani ya boot.wim, lazima uitengeneze boot.wim upya kutoka MDT na uibadilishe kwenye WDS. Nimewahi kupoteza Jumamosi nzima nikirekebisha faili ambalo hakuna kompyuta iliyokuwa ikilisoma. Pili, nenosiri linaloandikwa humo liko wazi kwa yeyote atakayeifungua. Akaunti hiyo iwe ya kusoma tu. Nimekuta mahali pengi ni akaunti ya msimamizi wa domeni, yaani wa mtandao mzima wa kompyuta za ofisi, na huo ni ufunguo wa nyumba uliotundikwa mlangoni. Ukiwa unaitengeneza boot.wim, fanya hivyo kwa vifaa vipya vya Microsoft, maana vyeti vya mwaka 2011 vya Secure Boot, ule ulinzi unaokagua faili la kubutia kabla ya kulikubali, vilipangiwa kuanza kuisha muda Juni 2026.

Kubuti kwenyewe, je? Ile kelele ya kwanza ya kompyuta haivuki ruta. Ikiwa WDS itabaki makao makuu, ruta ya kila tawi iambiwe ipeleke kelele hiyo kwa anwani mbili: ya DHCP na ya WDS. Njia ya mkato ambayo utaelekezwa na wengi ni kuandika chaguo 66 na 67, yaani jina la seva na la faili la kubutia, kwenye DHCP. Inafanya kazi mpaka uwe na kompyuta za BIOS, programu ya zamani ya kuwashia kompyuta, na za UEFI iliyochukua nafasi yake, katika ofisi moja, kwa kuwa chaguo 67 hutaja faili moja na kila aina yataka lake. Utaona nusu ya chumba kinabuti na nusu hakibuti, na utalaumu swichi.

Ila kwa matawi madogo ningeuliza swali jingine: piksi ya nini? Piksi ni raha, si lazima. Kwa Voi au Kilifi, ukiwa na kompyuta kumi hivi, flashi mbili zenye boot.wim ile ile zinatosha: unabuti kwa flashi, imeji inavutwa kutoka kiboksi cha pale pale, na hukugusa ruta ya mtu. Ukitaka flashi ibebe na imeji pia, utagonga ukuta wa FAT32, mpangilio wa mafaili wa flashi, usiopokea faili la zaidi ya gigabaiti 4. Ikate imeji kwa DISM, chombo cha Windows cha kushughulikia imeji, iwe vipande vya megabaiti 3,800 na Windows itaviunganisha yenyewe.

Baada ya daraja la MDT, wapi? Ikiwa chama kinalipia leseni zinazojumuisha Configuration Manager, programu ya Microsoft ya kusimamia kompyuta nyingi, ndiyo nyumba iliyojengwa kwa mpango huu huu: kituo kimoja cha maamuzi, vituo vya mafaili matawini, na tangu toleo 1806 la mwaka 2018 inajibu piksi bila WDS. Ila ni mzigo mzito kwa mtu mmoja na kompyuta 260, nakuambia kweli. FOG ni ya bure, huendeshwa kwa Linux, na ina nodi za matawi zinazojinakilia imeji kutoka kuu. Mara nyingi utalazimika kuzima Secure Boot wakati wa kuweka imeji, kisha kuiwasha. Autopilot ya Microsoft watu huiuza kama mwisho wa imeji, lakini yenyewe haiweki Windows kwenye diski tupu; inaipanga ile iliyokuja na kompyuta, na programu zinavutwa kwa intaneti, kwa laini ile ile ya megabiti 20. Kwa kompyuta mpya zitakazonunuliwa, ningeitazama. Kwa hizi ulizonazo, FOG au flashi. Na kabla ya kuchagua lolote hesabu ngapi kati ya 260 zina chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa inayokubaliwa na Windows 11. Zisizo nazo hazihitaji seva, zinahitaji bajeti.

Kuunganisha kuna hatari moja ambayo seva saba hazikuwa nayo. Kosa la Likoni lilikuwa likiishia Likoni. Mwaka 2014 chuo kikuu kimoja Marekani kilituma kwa makosa agizo la kufuta na kusakinisha upya kompyuta zake zote za Windows. Walipogundua, seva iliyotuma agizo ilikuwa imejifuta yenyewe. Kwa hivyo piksi iwe ya kubonyezwa na mtu, si ya kujiendea. Kompyuta ziwe zinabuti diski kwanza, mtandao baadaye. Na kila imeji mpya ianzie kwa kompyuta tatu za makao makuu, ikae wiki moja.

Seva za zamani nazo usizizime kwa kuchomoa waya tu. Ofisi moja niliyoihudumia tulihamisha kila kitu, tukaiacha seva kuukuu chini ya meza ikiwa imezimwa kwa kitufe. Baada ya wiki tatu stima ikakatika ikarudi, na BIOS yake ilikuwa imewekwa iwake yenyewe umeme ukirudi. Ikaamka, ikaanza kujibu piksi kwa haraka kuliko seva mpya iliyokuwa ng'ambo ya ruta. Kompyuta nne ziliwekwa Windows ya miaka sita nyuma kabla hatujasikia feni ikivuma miguuni mwetu. Zima huduma ya WDS, izuie isijiwashe, kisha ndio uchomoe waya. Ngoja mwezi mmoja, halafu futa diski vizuri, maana mna manenosiri, na pengine mafaili ya wanachama yaliyohifadhiwa wakati wa kubadilisha kompyuta, ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai uyalinde hata yakiwa kwenye chuma chakavu.

Mengi ya haya unaweza peke yako. Lakini kuna mahali ningekuomba utafute mtu wa kukaa nawe. Ikiwa ruta za matawi ni za mtoa huduma na huna nenosiri, usibahatishe. Omba fundi wao aje, umwambie kwa maneno haya haya kwamba unataka maombi ya DHCP yapelekwe kwa anwani mbili. Na kabla ya kuigusa seva yoyote ya tawi, ingia ndani uone inafanya nini kingine. Seva za aina hii mara nyingi huwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyeiandika: DHCP ya tawi, DNS inayotafsiri majina ya mtandao kuwa anwani, printa, folda ya mhasibu, au hata kidhibiti cha domeni, yaani seva inayowathibitisha watumiaji wote wanapoingia. Ukikuta hicho cha mwisho, iache ikiwaka, funga kifuniko, na utafute mtu aliyewahi kuhamisha kidhibiti cha domeni mkifanye pamoja, Ijumaa jioni tawi likishafungwa.